"Fair" kwenye ripoti si sifa

Mama mmoja wa Pongwe, mwanawe yuko inglishi midiamu, aliona "fair" kwenye ripoti, somo la Hisabati, akafurahi. Mtaani "fea" ni haki, jambo jema. Mtoto akanunuliwa soda.

Kwa Kiingereza hakimu "fair" ni mwenye haki, ngozi "fair" ni nyeupe. Kwenye ripoti ni wastani tu, chini ya "good". Mwalimu anasema kwa upole kwamba mtoto anasuasua. "Satisfactory" nayo inahadaa: mtihani wa kidato cha nne, hiyo ni D, alama 30 hadi 44.

Muhula uliofuata alama zilishuka, mama akaenda kumuuliza mwalimu. Kumbe kinachomshinda mtoto ni hesabu za sehemu, tangu darasa la nne.