Kusoma Tamthilia kwa Njia ya Mtandao

Mwalimu anayejiandikisha kusoma fasihi ya tamthilia kwa njia ya mtandao hupata mambo mengi yenye manufaa. Hupata maandishi ya mchezo, habari za mwandishi, maelezo ya dhamira, wahusika na migogoro, pamoja na maswali ya kujipima. Yote hayo humfikia kijijini kwake, bila yeye kuacha darasa wala shamba. Lakini liko jambo moja lisilomfikia, nalo ndilo linaloitenga tamthilia na riwaya. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo, na jinsi mwanachuo anavyoweza kulitafuta nje ya simu yake.

Kujifunza ukiwa mbali na chuo si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1970, wakati wa matayarisho ya Elimu ya Msingi kwa Wote, maelfu ya walimu walifunzwa vijijini kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, huku wakifundisha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hapana sababu, basi, ya kuidharau elimu ya namna hii. Mimi mwenyewe niliifuata nikiwa mwalimu Ubena Zomozi, mbele ya Chalinze katika barabara iendayo Morogoro. Bagamoyo mjini kuna Chuo cha Sanaa, kilichoanza mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, lakini kutoka kwetu hadi huko ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwa mwalimu mwenye vipindi vya asubuhi na jioni, jukwaa hilo ni kama liko ng'ambo ya bahari.

Mchezo tuliopewa ulikuwa *Kinjeketile* wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa mwaka 1969, unaohusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile anaingia majini, anatoka na habari ya dawa, makabila yanaungana, kisha yeye mwenyewe anaingiwa na shaka juu ya jambo alilolizaa. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Akiyakana maji, watoto watakaokuja wataambiwa kwamba hata kupigania nchi yao lilikuwa kosa.

Zoezi la kwanza la kuandika nililifanya vizuri, nikapata alama za juu. Wakati huo nilikuwa sijapata kusikia hata neno moja la mchezo huo likitamkwa na kinywa cha mtu. Nikikumbuka jambo hilo sasa huona haya.

Kisha kikaja kikao cha kusoma kwa sauti mtandaoni, nami nikapewa sehemu ya Kinjeketile. Nilipofika pale penye kukataa nilinyamaza, kwa maana mtu mwenye mzigo mzito namna ile hajibu upesi. Sikuwahi kuhesabu hata tano. Mkufunzi akauliza, "Mwalimu, bado upo? Naona mtandao umekatika." Mwenzangu wa mkoa mwingine akaidaka zamu yangu na kuisoma ili tusipoteze muda. Siwalaumu. Katika simu kimya ni hitilafu, na kila mtu hukimbilia kukiziba. Jukwaani kimya ni sehemu ya kauli, na huenda watazamaji wakakielewa kuliko maneno yanayokifuata.

Hapo ndipo nilipoona kilichokosekana. Maandishi ya tamthilia ni kama ramani ya nyumba: huonyesha mlango ulipo, lakini hakuna apitaye. Atakayepita ni mtu mwenye mwili, aliyesimama mahali fulani, karibu na fulani, akimpa fulani mgongo.

Nikawaomba walimu wenzangu wawili tukutane chini ya mwembe baada ya vipindi. Tulichora mto kwa kijiti mchangani, tukasoma tukiwa wima. Sehemu iliyotufundisha zaidi ni ile ambayo Kinjeketile ameingia majini na watu wamebaki wakimngoja. Kwa macho, katika simu, mtu huivuka kwa kitambo kidogo tu. Sisi ilitubidi kungoja kwelikweli, na katika kungoja mwenzangu mmoja akageuka, akaupa mto kisogo. Mbona amegeuka? Anaogopa, haamini, au amechoka tu? Tulibishana mpaka jua likazama. Maelezo ya kozi yalikuwa yametaja "imani ya umma" kana kwamba umma mzima una moyo mmoja, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelitilia shaka neno hilo.

Ndugu mwanachuo, ukisoma kozi ya namna hii, yapakue maandishi mapema, kisha uzime intaneti. Hutamaliza kifurushi chako, tena hutavutwa na ujumbe wa watu. Tafuta watu wawili, hata kama hawasomi kozi hiyo. Aghalabu jirani asiyejua istilahi huuliza swali zuri kuliko mkufunzi. Katika vikao vya mtandaoni patana na wenzako kabla: hapa nitanyamaza, msiniingilie. Nasi tulipofanya hivyo baadaye, kimya kilikaa. Na ukipata nauli walau mara moja, nenda Bagamoyo wakati wa tamasha la sanaa, lililoanza mwaka 1982, ukawatazame watazamaji kama unavyowatazama waigizaji.

Mchezo mzima wa *Kinjeketile* ni mzito kwa watoto wa shule ya msingi, wala sishauri uwape. Mimi nilichukua ule ungojeaji peke yake, nikaupeleka darasa la tano. Niliwaeleza kisa kwa maneno machache, nikachora mto kwa majivu sakafuni, nikamwambia mmoja aende nyuma ya mlango, na waliosalia wangoje bila kusema. Kwa dakika nzima darasa la watoto wachangamfu lilitulia. Kisha kijana mmoja akasahau, akaukanyaga mstari wa majivu, na msichana aliyekuwa kando yake akamvuta mkono kwa hofu: "Toka, utazama!"