Mchoro wa Baba, Andazi la Mama

"Kumbe wewe ndiye baba wa mifuko!"

Mwalimu wa darasa la kwanza aliniambia hivyo mbele ya wazazi wenzangu, siku ya kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu, na mimi sikuficha jino. Akaendelea kumwaga sifa: watoto wakitoka mapumziko ya saa 4, kabla hawajauma chochote, wanamzunguka binti yetu kutazama leo baba kachora nini kwenye mfuko wa vitafunio. Kuna mmoja alienda kwao akamlilia baba yake mpaka naye akamchorea. Nikajifanya mnyenyekevu. "Aah, mwalimu, ni mambo ya kawaida tu." Moyoni nilikuwa nimeshajivika taji.

Mke wangu alisimama pembeni yangu, mdogo wetu mgongoni. Alitabasamu kwa adabu. Ndugu msomaji, kama umeoa, tabasamu lile unalijua.

Tukapanda daladala, kimya. Tulipokaribia Ubungo ndipo akanigeukia, akauliza taratibu kama mtu anayeulizia saa: "Hivi baba, lile andazi linaingiaga lenyewe kwenye mfuko?"

Abiria wa kiti cha nyuma akakohoa. Konda akatazama nje.

Nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Tunaishi Kimara, kazi yangu iko Posta, na kazi zetu mnazijua: kuingia kuna saa, kutoka hakuna. Gari la shule linampitia binti yetu saa 11 na nusu alfajiri, mimi bado nimejifunika shuka. Narudi saa 3 usiku, yeye ndiye kajifunika. Kuna kipindi nilikuwa namuona Jumamosi na Jumapili tu, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa.

Mwanzoni alikuwa anabeba kopo la plastiki. Makopo yale yalitutesa: mara kopo limerudi bila mfuniko, mara mfuniko umerudi bila kopo. Mama yake akachoka, akanunua bunda la mifuko ya kaki, ile midogo iliyojaa kila kona tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019. Zamani andazi lingekwenda shule ndani ya kimfuko cha nailoni, na kwenye nailoni huchori kitu. Kwa hiyo kimtindo ni marufuku ile iliyonipa ajira.

Usiku mmoja nimerudi nimechoka, nakuta mfuko mtupu mezani unasubiri kesho. Nilikuwa na biki mfukoni. Nikachora paka. Ukweli usemwe, paka mwenyewe alifanana na begi lenye masharubu. Usiku uliofuata nikakuta kikaratasi pale pale mezani, kimeandikwa kwa herufi kubwa: "BABA PAKA ANA NJAA MCHOLEE SAMAKI."

Nikachora samaki. Akaandika samaki anataka rafiki. Nikachora pweza. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuongea, mimi na binti yangu, watu wawili tunaoishi nyumba moja kwa zamu.

Kwa wale mnaotaka kujaribu, nina mawili matatu ya kuwaibia. Chora kabla chakula hakijaingia, ukishajaza karatasi inakuwa vilima na mabonde. Biki inatosha kabisa. Makapeni inapendeza kwa rangi, ila wino wake unapenya upande wa pili, kwa hiyo ingiza karatasi ndani wakati unachora kisha itoe, na mchoro uuache ukauke usiku kucha. Adui mkubwa ni mafuta. Andazi, kitumbua au sambusa ikigusa kaki, karatasi inalowa inakuwa kama kioo cha bafuni, na simba wako anayeyuka kabla ya saa 4. Funga kwanza na tishu. Ndizi na karanga hazina matata.

Na usiniambie hujui kuchora. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake hapa hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za kawaida, hakupita chuo chochote cha sanaa, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Wanyama wake hawafanani na wale wa Mikumi na sijasikia mtu akidai hela yake. Isitoshe, sisi tuliokua tukinyang'anyana jarida la Sani kumtafuta Lodi Lofa na Ndumilakuwili, shule ya kuchora tulishaimaliza.

Haya, turudi kwenye lile swali la daladala.

Mke wangu si mtu wa kupiga kelele. Bora angepiga. Usiku ule, watoto wamelala, alinihesabia kama karani. Unga unakandwa usiku, yeye akiwa katoka kazini kama mimi. Iliki inatwangwa, nazi inakunwa. Saa 10 na nusu alfajiri simu inalia, karai linawekwa kwenye gesi, mdogo naye kaamka anataka kunyonya, mkubwa aogeshwe, avalishwe, soksi moja haionekani. Kisha andazi linaingia ndani ya mfuko wenye mchoro wa baba, mtoto anaondoka, na shuleni mwalimu anamsifia nani?

Nikataka kusema jambo, akaninyooshea kidole. Hakuwa amemaliza.

Miezi michache kabla ya hapo nilikwenda Dodoma kikazi wiki 2. Nikajiona mjanja kupita kiasi: siku za shule zilikuwa 10, nikachora mifuko 10 kabisa, nikaipanga kwenye droo ya kabati la jikoni. Treni ya umeme ikanipeleka roho kwatu. Katika wiki ile ya kwanza mdogo alishikwa na homa. Mama yake alikesha naye usiku tatu mfululizo, na alfajiri zote tatu alisimama kwenye karai vilevile.

"Kila asubuhi nafungua droo nakutana na twiga wako ananichekea," aliniambia. "Mtoto ulimwachia michoro kumi. Mimi uliniachia nini?"

Majibu nilikuwa nayo. Hela nilituma. Simu nilipiga kila usiku. Nashukuru mdomo uliwahi kujifunga, maana hata mimi niliyasikia yalivyo mepesi. Mchoro unanichukua dakika 5, nimekaa, miguu juu ya stuli, redio inaimba. Unaonwa na darasa zima. Andazi linamalizwa kabla kengele haijalia na hakuna anayeuliza limepikwa na nani. Na mimi kwa miezi yote ile nilikuwa sijauliza.

Sasa wanaume tukibanwa tunapenda kutangaza mapinduzi. Kesho yake nikasema leo nakanda mimi. Akaniangalia, akasema, "Karibu." Basi. Hakuongeza neno, na mimi kwa kiburi sikuuliza kipimo. Nusu kilo ya unga, sukari, iliki, kisha hamira nikaimwagia tui lililotoka kuchemka. Wanaojua wameshacheka. Hamira inataka uvuguvugu. Ukiimwagia kitu cha moto namna ile unaiua. Saa 10 na nusu nafunua bakuli, unga uko vilevile nilivyouacha, umelala kuliko mimi. Nikaukaanga hivyo hivyo, ningefanya nini, na vidole viwili nikaviunguza.

Saa 11 na robo ndipo nikakumbuka mfuko. Haujachorwa. Mikono yangu imejaa mafuta, mdogo analia, gari liko njiani. Mke wangu akatoka chumbani na mtoto begani, akanyonga lile andazi moja kuona kama litakatika, halikukatika. Akachukua biki. Kwa sekunde chache akachora jiwe lenye macho mawili, na pembeni yake jino limevunjika linalia. Binti yetu, ambaye saa zile huwa hata salamu anaitoa kwa shida, alicheka mpaka akakaa chini.

Usiku kikaratasi kilikuwa mezani: "MAMA ANACHOLA VIZULI. ANDAZI GUMU."

Tulichokubaliana baada ya hapo hakina mahaba ya kadi. Jumapili, Jumanne na Alhamisi usiku nakanda mimi, na alfajiri zinazofuata karai ni langu. Siku hizo mama watoto analala mpaka saa 11 na robo na kuchora ni kazi yake. Siku nyingine tunabadilishana. Nikienda safari, kuna binti wa jirani tunamlipa aje alfajiri asaidie, hela inatoka kwenye posho yangu ya safari. Sijawa malaika. Wiki ya mitihani yangu ya kazini niliruka zamu mbili na nikakumbushwa, safari hii bila utani. Na maandazi yangu hadi leo yanafikia kiwango cha "yanalika".

Kitu kimoja sikukitegemea. Nilidhani nikianza kuamka alfajiri mimi na binti yangu tutapiga stori za kufa mtu. Wapi! Asubuhi mtoto kanuna kama mimi mwenyewe. Tunafunga kamba za viatu, tunasimama getini gizani, namshikia begi, hatuongei. Stori bado ziko kwenye mfuko.

Wiki iliyopita nimefika Posta, nafungua begi nitoe kompyuta, nakuta mfuko wa kaki. Ndani maandazi mawili, yale laini, ya kwake, yamefungwa na tishu. Juu kachora mwanaume mwenye kitambi, kalala mdomo wazi, saa ya kengele inamlilia kichwani, na pembeni mwanamke kashika mwiko kiunoni. Hakuandika neno hata moja.

Jirani yangu wa meza akanyoosha shingo. "Huyo nani?"

Nikaugeuza haraka. Andazi moja nilimgawia. Mfuko hapana. Uko kwenye droo yangu ya ofisini, una doa la mafuta pale pale penye kitambi.