Ukungu Ulao Mashina ya Minazi, na Adui Yake

Mnazi ukiugua twatazama juu kwenye makuti, kumbe pengine ugonjwa u chini udongoni. Wakulima wa Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, walijua neno hili kwa hasara. Tangu mwaka 1952 umeonekana kwao ugonjwa ulioitwa kwa jina la wilaya yao, nao huletwa na ukungu uitwao Ganoderma.

Ukungu huu hukaa katika visiki na mizizi iliyooza, ukatambaa mzizi hata mzizi. Mwenye shamba hana habari. Baadaye makuti ya chini hugeuka manjano, yakalegea na kuning'inia. Kisha karibu na ardhi shina hutoka maji mekundu kama kutu. Mwisho huota uyoga mgumu kama ubao. Hapo, kusema kweli, amekwisha chelewa, na mnazi wa kienyeji humngojea mtu miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa.

Basi wataalamu walitafuta adui wa ukungu huo, wakamwona udongoni humo humo: ni ukungu mwingine, wa rangi ya kijani, uitwao Trikoderma. Huu huuzunguka ule mbaya kama kamba, ukayeyusha ngozi yake na kuula. Tena hukua upesi, ukaunyima nafasi na chakula.

Wakulima wa huko hushauriwa kuupa kila mnazi kwa mwaka gramu 50 za Trikoderma, pamoja na kilo 5 za mashudu ya mwarobaini, na kuvifukia penye mizizi. Mashudu ndiyo posho ya mlinzi huyu. Akimwagwa juu ya mchanga mkavu mtupu, atakufa njaa. Wala asichanganywe na dawa za kuua ukungu, maana zaweza kumwua naye. Mnazi uliokufa hung'olewa pamoja na kisiki chake, na maji ya mgonjwa hayaachwi kutiririka kwa mzima.

Lakini ninyi wa pwani ya Kenya na Tanzania, angalieni: ugonjwa uliofisha minazi mingi huku si huu. Huo waletwa na kijidudu kikaacho katika mishipa ya utomvu, na Trikoderma haiufai. Chimbeni kwanza, mtazame mizizi na shina, ndipo mnunue dawa.