Kansas Ilivyowashangaza Wanasiasa

Tarehe 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu ya Roe dhidi ya Wade, iliyolinda haki ya kutoa mimba tangu 1973. Kuanzia hapo kila jimbo likaachiwa lijiamulie. Texas imepiga marufuku karibu kabisa. Illinois inaruhusu, na wanawake kutoka majimbo ya kusini husafiri mamia ya kilomita kufika huko.

Ukiwasikiliza wanasiasa utadhani taifa limepasuka pande mbili: chama cha Republican huku kikipinga haki hiyo, cha Democrat kule kikiitetea. Sanduku la kura limesema mengine.

Kansas ni jimbo la mashamba ya ngano, na Donald Trump wa Republican alishinda huko bila taabu mwaka 2020. Lakini Agosti 2022, wananchi walipoulizwa kama ulinzi wa haki ya kutoa mimba uondolewe kwenye katiba ya jimbo lao, takribani asilimia 59 walikataa. Hesabu hiyo haitimii bila kura za Republican wengi, hata kama hawakujitangaza barazani.

Florida nako, Novemba 2024, asilimia 57 waliiunga mkono haki hiyo. Wakashindwa: katiba ya huko inadai asilimia 60 ili irekebishwe.