Tairi linalopungua upepo polepole: Tafuta chanzo, usijaze tu

DEREVA wa bodaboda anaamka alfajiri na kukuta tairi la nyuma limelegea. Anajikokota hadi kwa fundi wa karibu, anajaza upepo, kisha anaingia kazini. Kesho yake hali ni ile ile. Wiki inakatika, naye amekwishazoea.

Mazoea hayo ni ya hatari. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na pikipiki huyumba kwenye kona, hasa ikiwa na abiria. Aidha, breki inapofungwa, tairi laweza kuteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, yaani mpira wa ndani, hadi ikachanika penye shina la valvu. Hapo upepo huisha mara moja, pikipiki ikiwa katika mwendo.

Hatua ya kwanza haihitaji spana. Jaza upepo, ondoa kifuniko cha valvu na upake maji ya sabuni mdomoni mwake. Vipovu vikijitokeza hapo, huenda tyubu ni nzima. Kaza kijiti cha ndani ya valvu kinachozuia upepo, au kibadilishwe. Rudisha kifuniko kila mara, kwani huzuia vumbi na mchanga kuingia.

Kama valvu haivuji, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu taratibu na ukague tairi lote. Ukiona msumari au waya, weka alama ya chaki kabla ya kuung'oa. Msumari mwembamba huweza kuziba tundu ulilolitoboa wenyewe, ndiyo maana upepo huchukua saa nyingi kutoka.

Gurudumu likishafunguliwa, chora alama kwenye tairi mkabala na valvu, na kumbuka upande wa tyubu uliokuwa kulia. Ni jambo dogo ambalo mwenye haraka huliruka, lakini ndilo litakaloonyesha chanzo.

Tyubu ikitoka, ijaze kiasi na uizamishe katika beseni la maji, sehemu baada ya sehemu. Tundu dogo hutoa vipovu vichache tu, hivyo usiharakishe. Ukilipata, ilaze tyubu juu ya tairi kwa kufuata alama ile. Tundu la upande wa nje huelekeza kwenye tairi lenyewe. La upande wa ndani huelekeza kwenye ncha za spoku au utepe unaozifunika. Matundu mawili yaliyokaribiana ni dalili kwamba tyubu ilibanwa na rimu, mara nyingi kwa kupita kwenye shimo ikiwa na upepo mdogo.

Kisha pitisha kitambaa ndani ya tairi, wala si vidole vitupu. Kitanasa kwenye mwiba au waya uliojificha. Kuziba tyubu na kuuacha mwiba ni kuilipia pancha ile ile mara ya pili.

Kwa kiraka cha gundi, kausha tyubu, ikwangue kwa msasa na upake gundi nyembamba kwenye eneo linalozidi ukubwa wa kiraka. Subiri hadi gundi isilowanishe kidole, ndipo ukandamize kiraka kwa nguvu. Kikibandikwa gundi ikiwa mbichi, hubanduka. Tundu likiwa kwenye shina la valvu, nunua tyubu mpya.

Kwa tairi lisilotumia tyubu, tundu dogo la sehemu inayokanyaga barabara huweza kuzibwa kwa kipande maalumu cha mpira. Lililochanika ubavuni halifai kuzibwa, libadilishwe.

Unaporudisha tyubu, itie upepo kidogo ili isijikunje. Baadaye jaza kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki au kwenye lebo yake. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kipimo cha kila siku. Kaza nati ya ekseli, kagua mnyororo, na jaribu breki kabla ya kumpakia abiria.

Asubuhi inayofuata, pima upepo kabla ya kuondoka. Ukiwa umepungua tena, rudi mwanzo. Saa moja ya kutafuta tundu itakupotezea nauli chache, lakini tairi likiisha upepo barabarani, abiria wako ndiye atakayelipa kwa maumivu.