Satelite Inaonaje Moto wa Udongo Wetu?



Mnajua vizuri moto wa mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza. Kufika saa sita mchana, mtoto hawezi kutembea miguu wazi juu ya njia ya lami. Lakini hatua kumi tu, chini ya muembe, anacheza bila shida. Jua ni moja, mtaa ni mmoja. Sababu gani udongo huu unaunguza na ule hauunguzi? Iko masini angani inayopima tofauti hiyo. Tuone inafanya namna gani.

MASINI YENYEWE
Tarehe 23 Julai 1972, Wamarekani walirusha angani satelite ya kwanza ya jamaa ya Landsat. Leo mbili ziko kazini: Landsat 8 tangu mwaka 2013, na Landsat 9 tangu mwaka 2021. Zinapita kilomita 705 juu ya vichwa vyetu, ni kusema karibu mara sita ya njia ya Lubumbashi mpaka Likasi. Kila moja inarudi mahali palepale kisha siku 16. Kwa kuwa zinapokezana, mji wetu unapigwa foto kila siku 8, asubuhi, saa nne na dakika chache.

KWANZA: MWANGAZA UNAORUDI
Kila kitu kinapokea mwangaza wa jua, kinameza sehemu na kurudisha sehemu. Ukuta wa chokaa unarudisha mingi. Mawe meusi ya mabaki ya shaba yanameza karibu yote. Satelite inahesabu sehemu ile inayorudi.

Jani bichi lina siri yake. Linameza mwangaza mwekundu, lakini ile mionzi iliyo kando ya mwekundu, ambayo jicho la mtu halioni, linairudisha karibu nusu. Wataalamu wanaiita infraruji. Tuseme mwekundu unarudi 5 kwa mia, na infraruji 45 kwa mia. Ondoa 5 katika 45, inabaki 40. Jumlisha zote mbili, ni 50. Gawanya 40 kwa 50: unapata 0.8. Hapo majani ni mengi. Kwa udongo uchi jibu linakaribia sifuri. Ni hesabu ya shule tu, na inatosha kuonyesha pori lililokatwa kwa ajili ya makala.

PILI: MOTO UNAOTOKA
Weka mkono kando ya mbabula. Hata mbele ya makala kuwa mekundu, unasikia moto, ijapokuwa macho hayaoni kitu. Udongo nao unatoa mionzi ya namna hiyo mchana na usiku, na kadiri unavyopata moto, inazidi. Satelite inapima mionzi hiyo, wataalamu wanaigeuza kuwa digri. Ni hivyo satelite nyingine, Aqua, ilipima digri 70.7 juu ya udongo wa jangwa la Lut, kule Irani, mwaka 2005.

Lakini muangalie, mitego iko tatu. Mawingu yanafunga macho ya masini hii. Kwetu foto nzuri ni za kiangazi. Bati jipya linalong'aa linatoa mionzi kidogo, basi mtu asiposahihisha hesabu atalidhani ni baridi, kumbe linachoma. Tena, moto wa udongo si moto wa hewa unayopumua: mchana wa jua kali, udongo uchi unapita hewa kwa digri nyingi.

KWETU NYUMBANI
Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Upepo wetu mara nyingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulienda kaskazini-magharibi miaka na miaka. Upande ule miti ilikufa, udongo ukabaki uchi. Watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Gembloux, kule Ubelgiji, wametumia foto za satelite kufuatilia kidonda hiki.

Na penye miti imekwisha, moto unaongezeka. Jani linatoa maji kama vile mwili unavyotoa jasho, na jasho linapoza. Udongo uchi hauna jasho. Wanaokaa pale ni wazee, wagonjwa, na mama wanaonyonyesha chini ya mabati.

Vijana, tangu mwaka 2008 foto za Landsat zinatolewa bure kwa mtu yeyote, hata zile za zamani. Kama mtu anasema, «Hapa hapakuwa miti tangu zamani», foto ya miaka ya 1980 inaweza kumjibu. Anayejua kuisoma ana ushuhuda mkononi. Muombe walimu wenu wa jiografia wawafundishe.

Nanyi wazazi, jueni hili: katika foto ya moto, nukta moja ni metre 100 kwa 100. Muembe mmoja katika kiwanja chako hauonekani, ijapokuwa unapoza nyumba yako. Lakini kama kila nyumba ya avenyu inapanda wake na kuumwagilia maji mpaka unashika mizizi, kisha miaka michache avenyu nzima itaonekana angani kuwa baridi kuliko jirani zake. Mvua ikianza, ndiyo saa ya kupanda.