Utangulizi: Neno Linapofikishwa Mahakamani

Semantiki ni taaluma inayochunguza maana. Wengi huingia humu wakidhani kazi yetu ni kufungua kamusi na kunakili fasili. Kamusi tunaifungua kila siku, lakini kazi yenyewe huanzia pale inaponyamaza. Tuanze na neno moja la Kiingereza, endeavour.

Kamusi nyingi zitakwambia ni kujaribu kwa bidii. Ni kweli, ila haitoshi. Mwingereza anayetafuta funguo zake asubuhi husema try. Akisema endeavour, waliomo nyumbani watamshangaa. Neno hili hukaa kwenye barua rasmi na hotuba, na huandamana na kazi kubwa zinazodai muda, kama utafiti na sanaa. Meli aliyoondoka nayo baharia James Cook kutoka Plymouth mwaka 1768, kwenda Tahiti kutazama Zuhura ikipita mbele ya jua, iliitwa Endeavour. Chombo cha anga cha Marekani kilichoruka mara ya kwanza mwaka 1992 kilirithi jina hilo pamoja na herufi u, ambayo Wamarekani kwa kawaida huiacha.

Asili yake ni neno la Kifaransa devoir, yaani wajibu. Waingereza wa Zama za Kati walisema mtu amejitia katika wajibu, na kifungu hicho kikashikana hadi kikawa neno moja. Hapa pana mtego: asili ya neno si lazima iwe ndiyo maana yake ya leo. Ukitaka maana ya leo, wafuate wanaolitumia.

Wafuate basi hadi kwa mawakili. Mwaka 2005 shirika la ndege la Jet2.com na uwanja wa ndege wa Blackpool, Uingereza, walifunga mkataba wa miaka 15 na kuahidi best endeavours katika kuendeleza safari za bei nafuu za shirika hilo. Mwaka 2010 uwanja ukakataa kuhudumia ndege nje ya saa zake za kawaida, kwa kuwa ulikuwa ukipata hasara. Mkataba haukutaja saa za kufungua hata mara moja. Je, aliyeahidi kujitahidi ameahidi pia kula hasara? Mwaka 2012, majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Rufani walisema ndiyo, katika mazingira ya mkataba ule.

Mimi naiona kesi hii kuwa somo bora la semantiki kuliko mifano mingi ya vitabuni, kwa sababu maana ilipimwa kwa fedha za watu. Mikataba mingi ya kibiashara ya Nairobi na Dar es Salaam nayo huandikwa kwa Kiingereza hichohicho. Kabla ya kufungua sura ya kwanza, isome hukumu hiyo yote, na usiiruke hoja ya jaji wa tatu, ambaye hakukubali kwamba wajibu ule ulifika hadi kwenye saa za kufungua uwanja.